Moyo ni Amana: Mazoea ya Kila Siku na Maradhi ya Moyo

Habari ilinifikia asubuhi, kabla sijaingia darasani. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu tuliyesoma pamoja na kula sahani moja, alianguka mlangoni kwake jioni ya jana yake, akafariki kabla gari halijapatikana. Umri wake ulikuwa miaka 47. Nami niliye mbali na nyumbani, katika chuo cha ugenini, sikupata hata kulishika jeneza lake.

Jioni ile ndugu walinipigia simu kunieleza habari za mazishi, nikasikia maneno ya namna mbili. Wengine walisema: "Amerogwa, maana jana alikuwa mzima." Wengine walisema: "Ni kudura, siku ikifika imefika." Baada ya siku chache mjane wake akaniambia neno la tatu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeona haya. Alisema kwamba miaka miwili nyuma daktari alimpa marehemu vidonge vya presha. Alivimeza kwa miezi mitatu, kisha akaviacha, kwa kuwa hakuona maumivu yoyote.

Neno hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike somo hili. Neno la kwanza ni la ujinga, nalo laondoka kwa elimu. Neno la pili ni la kweli, lakini aghalabu hutumiwa vibaya. Sisi tunaamini kwamba uhai na mauti vimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini huyo huyo aliyeumba uhai ndiye aliyeweka sababu na matokeo. Mkulima asiyepanda hasemi kwamba kukosa mavuno ni kudura, na akisema hivyo majirani watamcheka. Basi kwa nini tukubali kisingizio hicho katika habari ya mwili, ambao ni amana kubwa kuliko shamba?

Yafaa basi tujifunze moyo ni kitu gani, huharibikaje, na ni mazoea gani ya kila siku yanayoulinda au kuuangamiza.

KAZI YA MOYO

Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Kwa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku moja, na kila dakika husukuma yapata lita 5 za damu. Hesabu hiyo yatupa lita zaidi ya 7,000 kwa siku, mzigo ambao mashine nyingi zilizotengenezwa na binadamu zisingeweza kuubeba kwa miaka 70 bila kufunguliwa na kusafishwa.

Moyo husambaza damu mwilini mote, nao wenyewe wahitaji damu ili ufanye kazi. Damu hiyo hupitia katika mishipa midogo iliyouzunguka kwa nje. Mshipa mmojawapo ukizibika ghafla, sehemu ya msuli inayoutegemea hukosa hewa safi na kuanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Mshipa wa ubongo ukizibika au kupasuka, huitwa kiharusi. Maradhi haya mawili ni ndugu, kwa maana sababu zake nyingi ni zile zile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, na kwamba vifo vingi mno kati ya hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa hiyo msemo kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri haufai tena kusemwa.

Mishipa haizibiki kwa siku moja. Mafuta yaitwayo kolesteroli, au lehemu, yakizidi katika damu hujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa na kujijenga taratibu, kama kutu ndani ya bomba. Presha ikiwa kubwa huukwaruza na kuukakamaza ukuta huo. Moshi wa tumbaku huuchubua na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Kisukari huharibu mishipa mikubwa na midogo. Kazi hii ya uharibifu huendelea miaka 20 au 30 pasipo mtu kusikia lolote. Siku moja ule utando uliojengeka hupasuka, damu huganda juu yake, na njia hufungwa. Watu husema: "Jana alikuwa mzima." Kumbe hakuwa mzima, ila hakuwa na maumivu. Kutoumwa na kuwa mzima ni mambo mawili mbalimbali. Ndugu msomaji, ukilishika hili moja tu katika somo hili, kazi yangu haikupotea.

WALIYOYAGUNDUA WATAALAMU

Mtu aweza kuuliza: Tunajuaje kwamba mazoea ndiyo sababu? Pengine ni bahati tu, au ni uzee.

Hata madaktari wa zamani walidhani hivyo. Wengi wao waliamini kwamba presha hupanda kwa umri kama vile nywele zinavyogeuka mvi, na kwamba haifai kuishughulikia. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliishi miaka kadhaa na presha kubwa sana, akafariki kwa kiharusi tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 63. Alikuwa na madaktari bora wa nchi yake, lakini elimu ya zama zile haikuwa na mengi ya kumpa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, ulianzishwa uchunguzi katika mji mdogo wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts. Wakazi 5,209, wake kwa waume, ambao hawakuwa na maradhi ya moyo, walikubali kupimwa kila baada ya miaka miwili. Hawakupewa dawa wala kuamrishwa kubadili maisha yao. Walitazamwa tu, ili ijulikane nani ataugua, na alikuwa akiishi vipi kabla ya kuugua. Miaka ilipopita jawabu likadhihiri: wenye presha kubwa, wenye kolesteroli nyingi na wavutaji wa sigara waliugua zaidi kuliko wenzao. Uchunguzi huo umeendelea hadi kwa watoto na wajukuu wa wale wa kwanza.

Katika London, Dakta Jeremy Morris na wenzake waliwatazama watumishi 31,000 hivi wa usafiri. Mabasi ya mji huo yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini siku nzima, na kondakta wake alipanda na kushuka ngazi mara nyingi akikata tikiti. Watu hawa walifanya kazi katika basi moja, wakavuta hewa moja, na mishahara yao haikutofautiana sana. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua hawakufa upesi kama wao. Ikasemwa: Labda wanene ndio waliochagua udereva. Wachunguzi wakaenda kutazama vipimo vya sare zao za kazi. Ni kweli madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, lakini hata dereva mwembamba alikuwa katika hatari zaidi kuliko kondakta mwembamba. Kukaa peke yake kulikuwa na madhara yake.

Mwaka 2004 Dakta Salim Yusuf na wenzake walitangaza uchunguzi uliofanywa katika nchi 52, Afrika ikiwemo. Walilinganisha watu 15,000 hivi waliopatwa na mshtuko wa moyo na wengine kiasi hicho ambao hawakupatwa. Waliona kwamba mambo tisa, ambayo ni tumbaku, kolesteroli, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, uchache wa matunda na mboga, ukosefu wa mazoezi na desturi za unywaji wa pombe, yalieleza asilimia 90 ya hatari kwa wanaume na asilimia 94 kwa wanawake. Hali ilikuwa karibu moja kwa kila taifa na kila rangi. Basi sehemu kubwa mno ya hatari haitokani na mambo ya siri, bali na mambo yanayoonekana na kupimika, na mengi yake huzaliwa mezani, kitini na mifukoni mwetu.

USHAHIDI WA NYUMBANI KWETU

Baadhi ya ushahidi ulio wazi kabisa umetoka Afrika ya Mashariki yenyewe.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi kusini magharibi mwa Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake hakumpata hata mmoja mwenye presha kubwa, na kwamba presha za wenyeji hazikupanda kwa umri kama za watu wa Ulaya. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa Kampala, waliandika kwamba Waafrika wa Uganda waliokula ndizi, viazi, mihogo na maharage walikuwa na kolesteroli kidogo, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra kwao. Lakini jamii ya Waasia waliokaa nchi ile ile, kwa chakula kingine na maisha mengine, walikuwa na kolesteroli nyingi zaidi na maradhi hayo yaliwaua.

Je, wazee wetu walikuwa na damu ya namna nyingine? Sivyo. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha habari za Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Watu hao walipimwa wakalinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Haikupita miezi mingi tangu kufika mjini presha zao zikawa juu kuliko za waliobaki, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na upungufu wa potasiamu, madini yapatikanayo katika matunda, mboga na viazi. Kadhalika, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Katika mwaka mmoja tu kazi za nguvu za mwili zilipungua sana, na uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2.

Damu ilikuwa ile ile, ukoo ule ule. Kilichobadilika ni sahani, miguu na kiti. Na siku hizi mji umekwisha kufika kijijini. Pikipiki inapita mlangoni, soda iko dukani, na chipsi zinakaangwa njia panda.

Hapa mtu aweza kuleta pingamizi: Mbona Wamasai waliishi kwa maziwa na nyama, na mioyo yao ilikuwa imara? Pingamizi hili ni zuri, nalo lilichunguzwa. Dakta George Mann wa Marekani aliwatazama Wamasai wa Tanganyika katika miaka ya 1960. Mwaka 1972 aliandika matokeo ya kupasua na kuchunguza maiti za wanaume 50 wa Kimasai. Mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani, lakini ilikuwa imepanuka hata damu ikaendelea kupita. Mann aliona kwamba huenda sababu ni mwendo wao mwingi wa miguu. Basi anayetaka kula kama Mmasai wa zamani na atembee kwanza kama Mmasai wa zamani.

Mwingine atasema: Babu yangu alivuta sigara akafika miaka 90. Nami namjibu: Wako pia waliovuka mto wenye mamba wakafika ng'ambo salama. Je, kwa sababu yao utampeleka mwanao akaoge pale?

MAZOEA MATANO YA KUTAZAMWA

La kwanza ni tumbaku. Katika uchunguzi ule wa nchi 52, wavutaji walikaribia kuwa na hatari mara tatu ya wasiovuta. Hakuna kiasi kidogo kilicho salama, na moshi wa baba huingia katika mapafu ya mtoto aliyelala chumba hicho hicho. Shisha, ambayo vijana huidhani ni mvuke wa matunda, ni tumbaku ile ile, na kikao kimoja humtia mtu moshi mwingi kupita sigara moja. Lakini iko bishara njema: mtu akiacha, mwili huanza kujirekebisha mara moja. Baada ya mwaka mmoja hatari ya maradhi ya moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa nusu hivi. Hakuna dawa ya dukani yenye kufanya hivyo kwa bei ya bure.

La pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo huhesabiwa chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya samaki wa ng'onda, na ya vile vidonge vya kutia ladha katika mchuzi. Tazama desturi yetu: chakula hutiwa chumvi jikoni, kisha kikopo cha chumvi huwekwa mezani, na wengine hunyunyiza kabla hawajaonja. Ondoa kikopo mezani. Punguza jikoni kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Tumia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili, kwani pwani yetu haikupungukiwa na viungo.

La tatu ni mafuta na sukari. Mafuta yanayoganda kwa ubaridi wa kawaida, kama samli, siagi na mafuta ya nyama, huongeza kolesteroli mbaya katika damu. Mabaya kupita hayo ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa viwandani, ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yaondoe katika vyakula. Tui la nazi ni utamu wa mapishi yetu, wala sisemi litupwe, ila lisiwe la kila siku na la kila chungu. Mafuta ya kukaangia yasirudiwe mpaka yakawa meusi. Soda ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari gramu 30 hivi, sawa na vijiko saba au vinane vya chai. Nani angeweza kuvitia katika kikombe kimoja mbele ya wageni bila kuona haya? Chakula cha mama zetu, yaani maharage, kunde, mchicha, kisamvu, matembele, dagaa, viazi vitamu, mapapai na machungwa, ndicho wataalamu wa ng'ambo wanachokisifu leo. Sisi tunakiita chakula cha dhiki na kukikimbia siku ile ile tunapopata mshahara.

Hapa yapasa tujihesabu hata katika ibada zetu. Mwezi wa kufunga ulikuwa uwe mapumziko ya tumbo. Lakini katika nyumba nyingi mafuta ya kukaangia hutumika zaidi mwezi huo kuliko mwezi mwingine wowote. Sambusa, bagia na kalimati hufuatana, na mtu hula magharibi kuliko alivyokuwa akila kwa siku nzima. Mfungaji wa namna hii amehamisha saa za kula tu.

La nne ni kukaa. Mtu mzima ashauriwa apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini haukuwezeshi kuimba. Hakuna haja ya uwanja wala viatu vya fedha nyingi. Shuka katika basi kituo kimoja kabla ya chako. Nenda msikitini kwa miguu. Lima bustani. Rukuu na sijida ni baraka kwa viungo, lakini mtu asizifanye kisingizio cha kuendeshwa kwa gari mpaka mlango wa msikiti. Na kitambi, ambacho kwetu kimekuwa alama ya cheo, kwa hakika ni alama ya hatari: mafuta yaliyorundikana tumboni ndiyo mabaya zaidi kwa moyo.

La tano ni kutopima na kuacha dawa. Presha haina sauti. Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili, na ya mtu mzima mwenye afya hukaribia 120 kwa 80. Ikipatikana mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ni maradhi. Kupima ni kazi ya dakika chache. Kila aliyefika miaka 40 na apime angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye wazazi waliougua aanze mapema zaidi. Kadhalika apime sukari ya damu. Akipewa vidonge, asiviache kwa sababu anajiona mzima, kwani kutoumwa si kuwa mzima. Vikimletea udhia, arudi kwa daktari abadilishiwe. Rafiki yangu hakufa kwa kukosa dawa. Dawa zilikuwa katika sanduku lake.

Nami nisijifanye mwalimu asiyekuwa na kosa. Juma lile la msiba nilikwenda zahanati kwa mara ya kwanza katika miaka sita, nikakutwa na presha ya 158 kwa 96. Daktari aliipima tena siku nyingine mbili, haikushuka. Nilikuwa nikifundisha nikiwa nimekaa, nikila mkate mweupe na siagi asubuhi, nikitia chumvi kabla ya kuonja, na nikilala saa saba za usiku nikisahihisha daftari. Nilipewa kidonge kimoja kwa siku, nami naendelea nacho. Chumvi imeondoka mezani kwangu. Baada ya sala ya Alfajiri hutembea nusu saa, na baadhi ya wanafunzi hunifuata. Mara ya mwisho nilipopimwa ilikuwa 134 kwa 84. Sikuyataja haya kwa kujisifu, bali nipate kukuambia kwamba niliyehubiri miaka 20 juu ya amana sikuitunza ile niliyoibeba kifuani.

MFANO WA WATU WALIOGEUKA

Yawezekana jamii nzima kubadili mazoea yake? Yawezekana. Katika miaka ya 1960 wanaume wa jimbo la North Karelia, mashariki ya Finland, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi uliotisha. Walikuwa watu wa kazi nzito za msitu na shamba, lakini walikula siagi na chumvi kwa wingi, mboga kwa uchache, na wengi walivuta sigara. Wenyeji wenyewe waliiomba serikali msaada, na mwaka 1972 ukaanza mpango ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska.

Hawakujenga hospitali kubwa kwanza. Walikwenda vijijini, wakazungumza na walimu, wenye maduka, wafugaji na viwanda vya soseji. Vyama vya akina mama vilifundisha mapishi yenye mboga zaidi na mafuta machache. Katika muda wa miaka 40 hivi vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Tazama ni nani walioshika usukani: walikuwa akina mama jikoni. Nyumba ikigeuka, taifa hugeuka.

DALILI ZISIZOFAA KUNGOJA

Maumivu au mgandamizo katikati ya kifua, hasa yakienea katika bega, mkono wa kushoto, shingo au taya, jasho la baridi, kukosa pumzi, kichefuchefu pasipo sababu. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili zaweza kuwa hafifu, kama uchovu wa ghafla au kinachodhaniwa ni kiungulia. Za kiharusi ni uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, na maneno kutotoka sawasawa. Dalili hizi zikionekana, usimpake mtu mafuta wala usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara hiyo hiyo, kwa kuwa kila dakika sehemu ya moyo au ya ubongo inakufa. Na kila nyumba ijue tangu leo, kabla ya shida, gari litatoka kwa nani usiku wa manane.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Ni nani katika nyumba yetu amekwisha kufika miaka 40 na hajui namba za presha yake?
2. Kikopo cha chumvi kinafanya nini mezani?
3. Ni siku ngapi katika wiki iliyopita nilitembea nusu saa?
4. Ni nani kati yetu aliyeacha dawa, na ni nani atakayemrudisha kwa daktari?
5. Tukipatwa usiku, tutampigia simu nani?

Ndugu msomaji, usiyajibu maswali haya peke yako. Yasome baada ya chakula cha jioni, watu wa nyumbani wakiwa wamekaa pamoja, na swali la nne lisome polepole. Pengine yuko mmoja kati yao mwenye sanduku lenye vidonge asivyovimeza, naye anangoja tu mtu amwulize kwa upole. Mimi sikumwuliza rafiki yangu. Tulizungumza kila mwezi, juu ya vitabu na juu ya wanafunzi, wala sikumwuliza hata mara moja habari za afya yake, zaidi ya ile salamu ya desturi ambayo jibu lake ni "nzima."

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awape subira aliowaacha, na atujalie sisi tuliobaki kuitunza amana hii mpaka siku atakapoitaka Mwenyewe. Amin.